Twalibu Mabruki, Mpima Santuri, na Hukumu Iliyokatazwa Kufutwa

Leo Jumamosi, tarehe 30 Juni 1984, Ndugu Twalibu Mabruki anatimiza miaka ishirini na minne na mwezi mmoja ya utumishi katika Kiwanda cha Uchapaji Kazeh, na leo hii hii anastaafu. Aliingia akiwa na nywele nyeusi na suruali moja ya kazi. Anatoka na mvi, miwani iliyofungwa uzi, na suruali ambayo baadhi yetu tunaamini ni ile ile.

Kamati ya sherehe imenipa mimi, Mwanne binti Ngollo, kazi ya kuandika wasifu huu kwa sababu nimekaa naye chumba kimoja miaka kumi na tisa, yeye kwenye meza ya kusahihisha, mimi kwenye kasha la herufi. Mwenyekiti wa kamati, Ndugu Elieza, aliniomba niandike mambo ya kufurahisha, yasizidi ukurasa mmoja. Mambo hayo yapo na nitaanza nayo. Huko mbele wasifu unapinda, na anayetaka kumlaumu mtu kwa hilo anilaumu mimi, si mstaafu.

Ndugu Twalibu alizaliwa mwaka 1929 hapa Tabora, mtaa wa Ng'ambo. Baba yake, Mzee Mabruki, alikuwa fundi cherehani wa kanzu na makoti, na mama yake aliuza vitumbua. Alisoma chuoni, akahitimu Kurani, kisha akasoma shule hadi darasa la nane. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kufuta vumbi katika duka la santuri karibu na soko. Anasema alikuwa akifuta vumbi kwa mkono mmoja na kusikiliza kwa masikio mawili, na kwamba mwenye duka alimfukuza siku alipomwambia mteja asinunue santuri aliyoishika kwa sababu mpiga gitaa wake ana haraka ya kwenda kwao.

Tarehe 1 Juni 1960 aliajiriwa hapa kusahihisha prufu, zile kurasa za majaribio kabla ya kuchapwa. Toleo la Uhuru la gazeti letu, Desemba 1961, lilipita mikononi mwake, naye alisimamisha mashine mara tatu huku wakubwa wakimpigia kelele kwamba nchi inasubiri. Alijibu kwamba nchi imesubiri miaka mingi na dakika kumi haziwezi kuidhuru.

Mwaka 1964 gazeti letu la kila Ijumaa, Mbiu ya Kazeh, lilimpa nafasi ndogo ukurasa wa tatu, chini ya bei za mazao. Akaiita safu yake "Mizani ya Santuri". Kila wiki alichukua santuri mpya moja au mbili na kuzitolea hukumu, na kwa kuwa alizaliwa na mama muuza vitumbua, alihukumu kwa vipimo vya unga. Santuri nzuri sana ilipata pishi. Ya wastani ilipata vibaba viwili. Mbaya ilipata kibaba, na iliyokuwa mbaya kupita kiasi ilipata robo kibaba, ambayo alisema haitoshi hata kumlisha kuku.

Alikuwa na utaratibu wake. Kila santuri aliisikiliza mara tatu kwenye gramafoni ya betri aliyoibeba kwa mkanda begani. Mara ya kwanza ilikuwa mezani kwake, sote tukiwa kazini. Mara ya pili ilikuwa mgahawani kwa Bi Sikuzani, kule Gongoni, ambako aliangalia nani ameacha chai ipoe. Mara ya tatu ilikuwa nyumbani kwake, peke yake. Marehemu mkewe, Bi Tatu, aliwahi kuniambia kwamba hata wali ukiungua siku hiyo mtu haruhusiwi kusema.

Vijana wa siku hizi wenye redio kaseti hawawezi kujua uzito wa safu ile. Mkoa mzima ulikuwa na gramafoni chache. Watu wa Urambo, Nzega na Igunga hawakuzisikia santuri zile, walizisoma. Aliyeandikwa na Twalibu kwamba sauti yake ni tamu, sauti yake ilikuwa tamu hata kwa watu ambao hawakupata kuisikia. Hapo kulikuwa na heshima kubwa, na hatari kubwa pia, lakini wakati ule sisi tuliona heshima tu.

Mwaka 1966 mvua ilikata reli, na garimoshi likasimama Tura siku mbili na sanduku lake la santuri ndani ya behewa la bati. Zilipofika zilikuwa zimekunjamana kama chapati. Ndugu Twalibu alizibana katikati ya vioo viwili vya dirisha la ofisi, akaviweka juani na matofali juu, akazinyoosha zote isipokuwa moja. Kwa wiki mbili tulifanya kazi bila kioo dirishani, na vumbi la barabarani likaingia katika herufi zangu. Sijamsamehe mpaka leo.

Mwaka 1969 wanamuziki wanne walipanda garimoshi kutoka Dar es Salaam kuja kumpiga kwa sababu ya robo kibaba. Alikuwa hajawahi kuwaona, akawakaribisha chai kwa Bi Sikuzani akidhani ni mashabiki. Walipomwambia walichokuja kufanya aliwaomba kwanza waweke santuri yao, wasikilize pamoja naye. Ilipofika katikati ya upande wa pili, mpiga besi aliinamisha kichwa, akawaambia wenzake kwamba mzee ana haki.

Na mwaka 1973 kwaya moja iliimba wimbo wa kusifu kilimo cha pamoja, naye akaupa vibaba viwili. Aliitwa kwenye ofisi moja ajieleze. Alijieleza hivi: "Kilimo cha pamoja nimekipa pishi. Wimbo ndio vibaba viwili." Akaachwa aende, labda kwa sababu aliyekuwa akimhoji alishindwa kuzuia kicheko.

Lakini waliopendwa na safu ile kuliko wote walikuwa wadogo: bendi zisizo na shirika wala wizara nyuma yake, vijana wa wilayani waliouza mbuzi ili wakarekodi, santuri zilizopigwa chapa mia mbili tu na nusu yake zikavunjika njiani. Kwa bendi kubwa alikuwa mkali. Kwa hawa alikuwa mvumilivu, na aliwatafutia neno moja jema hata pale lilipokuwa kama sindano kwenye mchanga. Ndiyo maana mambo ya mwaka 1979 yaliuma zaidi.

Hapa ndipo Ndugu Elieza alipoanza kufuta. Alisoma rasimu yangu, akapiga mstari kuanzia aya inayofuata hadi mwisho, akaandika pembeni kwamba leo ni siku ya furaha. Nimemheshimu kwa kumsikiliza. Lakini kurasa hizi nazipanga mimi kwa vidole vyangu, na wakati wa kupanga nimeyarudisha yote. Nimebakiza miaka miwili kazini. Akitaka kunifukuza, anipe na mimi wasifu.

Februari 1979 ililetwa ofisini santuri ndefu ya bendi ya Mwamko Jazz ya Nzega. Walikuwa wamerekodi mwaka 1976, wakauza ng'ombe watatu, na santuri zikapigwa chapa Nairobi. Kisha mpaka wetu na Kenya ukafungwa nazo zikakwama huko miaka miwili. Sijui zilipita wapi mpaka kutufikia, na siku zile watu hatukuulizana maswali hayo. Mwimbaji alikuwa msichana wa Puge aitwaye Siwema, ambaye sisi wa mjini hatukuwa tumemsikia.

Siwema alikuwa akisubiri jambo moja. Kiongozi wa bendi ya shirika fulani la Dar es Salaam, Ndugu Kornel, alikuwa ameandikiwa habari zake na akajibu kwamba yuko tayari kumwajiri, kwa mshahara na chumba, mara tu atakapoisikia santuri yake au kusikia kutoka kwa mtu anayemwamini. Santuri yenyewe haikumfikia. Mtu anayemwamini alikuwa Twalibu Mabruki, kwa sababu Mbiu ya Kazeh ilimfikia kila wiki kwa posta.

Nchi ilikuwa vitani na kila kitu kilikuwa cha kutafuta: sabuni, sukari, mafuta ya taa. Betri ndizo zilizokuwa ngumu kuliko vyote. Mawe ya betri yaliyochoka tuliyaanika juani juu ya bati ili yapate nguvu kidogo ya siku mbili tatu, kila mtu akijua kwamba nguvu ile ni ya kuazima. Gramafoni ya Ndugu Twalibu ilikuwa na mawe ya namna hiyo ndani yake, naye hakujua. Aliisikiliza santuri mara tatu kama kawaida yake. Betri dhaifu haizimi gramafoni mara moja. Huifanya izunguke polepole. Ngoma inakuwa nzito, gitaa linalegea, na sauti ya msichana wa miaka ishirini na miwili inatoka ikiwa nene na kuburura maneno. Angeweka kwanza santuri yoyote anayoijua kwa moyo angegundua palepale. Hakuweka, na miezi ile ya vita haikutufikia santuri nyingine. Kwa Bi Sikuzani watu walicheka.

Nilipanga hukumu yake kwa mkono wangu, na ikatoka Ijumaa, tarehe 23 Februari 1979: "Bi Siwema anaimba kama mtu anayepanda mlima na gunia la mtama kichwani. Pumzi ni fupi, mguu ni mzito, na sisi tulio nyuma yake tunaomba atue. Robo kibaba."

Ilikuwa hukumu ya kuchekesha, na mimi nilicheka nikiipanga. Mkoa mzima ulicheka. Mwezi wa tatu Ndugu Kornel aliandika kadi fupi kwamba nafasi imekwisha jazwa. Sikukuu ya Pasaka, Mwamko Jazz walipiga dansi katika mji mdogo wa Choma, na Siwema alipopanda jukwaani watu walianza kuita "Gunia, tua! Gunia, tua!", kwa utani kabisa, kama watu wanavyotaniana mnadani. Aliimba ubeti mmoja. Kisha akaweka kipaza sauti chini, akatembea katikati ya watu mpaka barabarani, akarudi Puge. Ulimi ungekuwa na mfupa labda tungeusikia ukivunjika siku ile, lakini sisi tulikuwa Tabora tunapanga toleo jingine.

Mwezi wa sita mgeni alifika ofisini akaomba aisikie hiyo santuri ya gunia. Ndugu Twalibu aliiweka. Nilikuwa nimempa mgongo, nikasikia gitaa likitoka jepesi na la haraka, na juu yake sauti ambayo sikuijua. Ilikuwa changa, imenyooka, inapanda bila kukaza. Mgeni alisema hii si santuri yenyewe. Ndugu Twalibu aliitoa, akasoma karatasi yake ya katikati, akairudisha. Aliisikiliza pande zote mbili amesimama. Mgeni aliaga akaondoka.

Kisha alifungua kifuniko cha chini cha gramafoni akaona betri mpya. Aliniuliza zimetoka wapi. Nikamjibu kwamba mtunza stoo alizileta wiki iliyopita.

Nilimdanganya. Betri zile zilikuwa za gramafoni tangu mwanzo. Zililetwa kwa mgao mwezi wa kwanza, sita, mpya, na mimi nilizipokea kwa sababu yeye alikuwa msikitini. Mwanangu Mussa alikuwa vitani, na redio yangu nyumbani ilikuwa imekufa. Nilizitia mkobani nikaenda nazo, na ndani ya gramafoni nikaweka zangu kuukuu zilizokwisha anikwa mara nne. Nilijisemea kwamba muziki unaweza kusubiri. Kila jioni nilikaa na redio magotini nikisikiliza taarifa ya habari, nikidhani mama akisikiliza kwa bidii mtoto hafi.

Habari ya Mussa haikuja kwa redio. Ililetwa na askari wawili mwezi wa tatu, na barua. Baada ya arobaini sikuwa tena na haja ya kusikia chochote, nikazitoa betri redioni nikazirudisha mahali pake, zikiwa bado na nguvu. Ndugu Twalibu alifika matanga siku zote saba. Yeye ndiye aliyesimamia maji na kuni. Nikimwangalia akipasua kuni uani kwangu, nilikuwa bado sijui nimemfanyia nini.

Siku ile ya mwezi wa sita nilijua, nikanyamaza. Yeye hakunyamaza. Aliketi palepale akaandika masahihisho: kwamba hukumu ya tarehe 23 Februari ilitolewa kwa gramafoni isiyo na nguvu, kwamba kosa ni la mhukumu, na kwamba Siwema wa Puge anastahili pishi. Akayapeleka kwa mhariri wetu wa wakati ule, Ndugu Silasi, ambaye alikuwa mtu mwadilifu na mwoga, mambo mawili yanayokaa pamoja kuliko watu wanavyodhani. Ndugu Silasi alisoma, akamrudishia.

"Ndugu Twalibu," alimwambia, "gazeti likikiri kwamba limesikia vibaya, nani atatuamini kesho tukiandika bei ya tumbaku?"

Alisema pia kwamba karatasi hazitoshi, na hilo lilikuwa kweli; tulikuwa tumeshuka hadi kurasa nne. Ndugu Twalibu aliyapeleka tena Januari 1980, akayapeleka tena Septemba. Majibu yalikuwa yale yale. Nilimwuliza kwa nini asiende Puge mwenyewe akamwambia binti wa watu. Alinijibu kwamba aliyetukanwa sokoni haombwi radhi chumbani, na kwamba yeye atakwenda akiwa na gazeti mkononi. Alimwandikia Siwema barua mbili kumweleza. Hazikujibiwa. Nilikuwa nikimsikiliza akihesabu siku za posta, na ulimi wangu ukabaki mdomoni.

Aprili 1981 alichoka kusubiri gazeti. Alichukua likizo ya siku nne, akapanda basi mpaka Nzega, na kutoka huko akatafuta usafiri wa mkokoteni na wa miguu mpaka Puge, gramafoni begani. Aliyoyaona huko alinisimulia mara moja tu, nami nayaandika kama alivyoyasema.

Alielekezwa nyumba ya Mama Bertila, mzazi wa Siwema, katika safu za nyumba mpya za kijiji. Alimkuta mama huyo anapepeta mtama. Akamwamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba, akapewa kigoda na maji. Alisema ametoka Tabora kumwona Siwema. Mama aliendelea kupepeta kwanza. Kisha akamwambia kwamba Siwema amezikwa wiki tatu zilizopita, kwa homa iliyomchukua siku tano, na kwamba kama amekuja kuhani, amekaribishwa.

Ndugu Twalibu alimweleza yote: gazeti, gramafoni, betri, robo kibaba. Mama Bertila aliingia ndani akatoka na barua mbili zenye muhuri wa Tabora. Hazikuwa zimefunguliwa. Siwema alisoma jina la mwandishi nyuma ya bahasha, akaziweka chini ya godoro.

Mama aliomba asikilizishwe. Ndugu Twalibu aliweka santuri aliyokuja nayo, na sauti ya Siwema ikajaa uani. Majirani walitoka, wakasimama mbali. Upande wa kwanza ulipokwisha mama aliomba upande wa pili, na ulipokwisha aliomba tena wa kwanza. Kisha akasema kwa Kinyamwezi, na Ndugu Twalibu aliyarudia kwangu kwa Kiswahili.

"Tangu alipotoka Choma hakuimba tena. Hata mwanawe alimbembeleza kwa kumpapasa mgongo tu. Alisema sauti yake ni mzigo, asije akamtwisha mtoto. Sasa wewe umeniletea ukweli, baba. Unataka nimwambie nani?"

Ndugu Twalibu alifunga gramafoni, akaivaa begani. Aliiacha santuri kule, ingawa mama hakuwa na cha kuipigia.

Aliporudi aliendelea kuandika, kwa maana kazi ni kazi. Lakini "Mizani ya Santuri" ilibadilika. Kila hukumu ilianza na maelezo ya gramafoni gani, betri za lini, na santuri gani ya zamani iliyowekwa kwanza kupima mwendo. Wasomaji walilalamika kwamba mzee ameanza kuandika kama fundi wa saa. Walisema hachekeshi tena, na ni kweli, hakuchekesha tena. Katika miaka mitatu iliyofuata hakumpa mtu yeyote robo kibaba. Wengine walisema uzee umemlainisha. Mimi nilijua ni nini, nikaendelea kupanga herufi.

Mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi sikungoja kifo, nilingoja kamati. Jumatatu iliyopita, baada ya kupewa kazi ya kuandika wasifu huu, nilikaa siku nzima nikijaribu kuandika kuhusu mwaka 1979 bila kuandika kuhusu betri, na haikuwezekana. Jioni, wenzetu walipokwisha toka, nilimweleza. Nilimweleza nimesimama, kama mtoto aliyevunja chungu. Nilitegemea anikemee, na nilitamani anikemee.

Alivua miwani, akaifuta kwa shati muda mrefu. Kisha akasema: "Mama Mussa, betri ulichukua wewe. Sikio lilikuwa langu."

Nililia, na sioni haya kuliandika hapa. Alingoja nimalize. Akaniambia kwamba hataki saa ya ukutani wala shuka ambazo kamati imemnunulia, ingawa atazipokea kwa adabu. Anataka vitu viwili. Cha kwanza ni kwamba masahihisho yake, yaliyokaa mtotoni mwa meza miaka mitano, yachapwe na kiwanda hiki hiki, kwa herufi zile zile, katika karatasi ambayo watu watakwenda nayo majumbani. Haya hapa, neno kwa neno:

"Katika toleo la tarehe 23 Februari 1979 niliandika kwamba Siwema wa Puge anaimba kama mtu mwenye gunia kichwani. Gunia lilikuwa kwenye gramafoni yangu. Nimeisikiliza upya santuri ya Mwamko Jazz kwa mashine yenye nguvu. Sauti ya Siwema ni safi, inapanda bila kukaza na kushuka bila kuanguka, na kwa miaka kumi na mitano ya safu hii sijapima iliyo bora kuliko yake. Ninaifuta hukumu yangu. Ninampa pishi, na ninamwomba radhi mbele ya wote waliocheka pamoja nami. T. Mabruki."

Mimi naongeza yangu: sababu ya gramafoni kukosa nguvu ni Mwanne binti Ngollo, mpanga herufi wa kiwanda hiki, aliyechukua betri za kazi akapeleka nyumbani, akadanganya alipoulizwa, akanyamaza miaka mitano. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, lakini wahenga hawakusema mtu ashike wapi akijikwaa kwa kunyamaza.

Ndugu Twalibu, kwa niaba ya wafanyakazi wote wa Kazeh, asante kwa miaka ishirini na minne. Asante kwa prufu ulizozisimamisha, kwa bendi ndogo ulizozibeba, kwa kuni ulizopasua uani kwangu. Tunakuombea afya, kikombe cha chai kisichopoa, na jioni nyingi za kusikiliza bila kulazimika kuhukumu. Ukae salama na watu wako, na Mungu akujalie wepesi.

Kitu cha pili alichokitaka ni mgeni mmoja. Wengine wanaostaafu huleta ukoo mzima. Yeye aliomba nauli ya mtu mmoja kutoka Puge. Mama Bertila ameketi mstari wa pili, upande wa madirisha, amejifunga kitenge cha buluu. Macho yake yameingia ukungu, hasomi tena, na bado hajaambiwa ni nani aliyechukua betri. Sikupata ujasiri wa kumfuata pale alipoketi. Aliye karibu naye namwomba amsomee kurasa hizi kwa Kinyamwezi, polepole, na akifika kwenye jina langu asiliruke.